Watu Wako wa Paidha

Baba,

Nimekukasirikia. Ningetaka kuanza kwa salamu kama mtoto aliyelelewa vizuri, lakini wewe mwenyewe hukupenda maneno ya kuzunguka, basi nakuambia mapema. Nimekukasirikia, na ndani ya hasira hiyo kuna wivu, tena wivu mwingi. Ninaowaonea wivu ni watu ambao hukunitajia hata siku moja.

Ni miezi saba sasa tangu tukuzike. Mama yupo. Anakula kidogo, na mpaka juzi juzi alikuwa anasema sana, hasa asubuhi, kwa kuwa ndiyo saa uliyokuwa ukimsikiliza bila kumjibu. Mdogo wangu Paluku amepaka mlango wa duka rangi ya kijani ambayo ungeikataa. Ufunguo ninao mimi. Mafundi cherehani wanakuja kama zamani, wanataka uzi, zipu, vifungo, lastiki, na wengine bado wananiuliza, "Muzee iko?" kisha wanashika mdomo. Mimi siwakasirikii hao. Kuna siku na mimi nilikuita toka nyuma ya kaunta nikuulize bei ya bobini za cherehani.

Mwezi wa nane zipu ziliisha. Unajua mwezi wa nane ulivyo Bunia: kila fundi anashona sare za shule, buluu na nyeupe, na fundi asiyepata zipu kwetu leo kesho ataipata kwa jirani na hatarudi. Mama akasema sasa ni zamu yangu kwenda Kampala. Nikapiga hesabu ya siku: tano. Kwenda, kununua, kurudi. Wafanyabiashara wengine wote wanatumia siku tano. Wewe tu ndiye uliyetumia wiki mbili, kila safari, miaka yote hiyo.

Unakumbuka Mama alivyokuwa anakupokea? "Baba Masika, weye unakwendaka kununua vifungo ao unakwendaka kulima mihogo?" Nawe unavua viatu polepole, unasema mizigo ilikwama Goli, pale mpakani. Maneno ni hayo tu. Mizigo ilikwama. Na sisi tulikuonea huruma, Baba! Tulikuombea. Mama alifunga kula kwa ajili ya mizigo yako. Mimi nilikuwa nalala nikikuona umeketi juu ya magunia kwenye mvua, unawabembeleza watu wa forodha.

Basi nikasafiri. Njiani, Iga Barrière, sikushuka hata kununua ndizi. Mahagi nililala na viatu miguuni. Kesho yake nikavuka Goli, mkoba begani, nikitafuta pikipiki ya kunifikisha kwenye basi la Kampala linaloondoka jioni. Mwenye pikipiki mmoja akanitazama mwanya wangu wa meno, ule niliourithi kwako, akacheka peke yake. Akaniuliza kama mimi si mtoto wa Muzee Vifungo. Nikasema simjui huyo. Akasema ni mutu wa Bunia, iko na mwanya kama wako, anauzaka vifungo. Kisha hakuniuliza naenda wapi. Alinipakia tu akanipeleka Paidha, mji mdogo wa Uganda karibu na mpaka.

Nilishuka mbele ya hoteli ndogo ya chai, bati jekundu, benchi mbili nje. Mama mmoja mnene wa miaka kama sitini alitoka na mwiko mkononi. Mwenye pikipiki alimwambia maneno mawili kwa Kialur, lugha ya huko, naye akapiga vigelegele mpaka watu wa duka la pili wakatoka. Huyo ndiye Filomena. Wewe unamjua. Mimi nilikuwa namwona kwa mara ya kwanza, naye alinikumbatia kama mtu anayedai chake.

Ndipo nikaona picha yako ukutani.

Hapa lazima nikueleze kosa letu. Ulipofariki, Paluku aliandika tangazo kwa Kifaransa kizuri sana, unajua anavyopenda Kifaransa cha redio. Akaweka ile picha yako ya tai, ya harusi yake, siku pekee uliyovaa tai maishani. Akaituma kwa kila namba iliyokuwa ndani ya simu yako, na baada ya siku chache simu tukaizima. Kutoka Uganda yalirudi majibu mengi ya vidole gumba na mikono inayopiga makofi. Mimi nilitukana siku ile. Nilisema hao wateja wako wa ng'ambo hawana adabu, mtu amekufa wao wanapiga makofi.

Kumbe kwao ilikuwa msimu wa kampeni. Kila mti, kila nguzo, ilikuwa na uso wa mtu mwenye tai. Walipokuona wewe na tai, na maneno mengi ya Kifaransa chini yako, na jina la Ituri, mkoa wetu, likiwa katikati, hawakuona haja ya kutafuta msomaji. Wakaamua Muzee Vifungo anagombea ubunge huko Kongo. Wakafurahi. Wakaipeleka picha kwa mpiga picha ikachapwa kubwa, wakaibandika hotelini kati ya wagombea wao wawili. Miezi sita walikuwa wanakunywa chai chini ya tangazo la kifo chako, wanakusifu. Ulipoacha kuja wakasema kazi imekubana. Simu ilipokuwa haiiti wakasema wakubwa hubadilisha namba.

Filomena alitazama nyuma yangu, barabarani. "Muheshimiwa iko nyuma?"

Baba, nisamehe. Ningeweza kuketi kwanza. Ningeweza kuomba maji, nikamshika mkono, nikatafuta maneno. Lakini nilikuwa nimeona ule ukuta, na jogoo aliyefungwa kamba mguuni uani ambaye walisema ni wako, na kikombe chako peke yake juu ya rafu, cha bati, chenye ua. Nikawaambia nimesimama vilevile, mkoba begani. Nikasema alikufa mwezi wa pili, na hayo maandishi ndivyo yanavyosema. Nilitaka iwaume. Nakuambia ukweli kwa kuwa wewe sasa huwezi kunijibu: nilitaka iwaume.

Iliwauma. Filomena aliketi chini, pale pale kwenye vumbi, mwiko bado mkononi. Kisha alilia kilio ambacho mimi, mzaliwa wako wa kwanza, sikukulilia. Siku ya maziko yako nilikuwa nakimbia na viti, nahesabu sahani za wageni, natafuta turubai kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja. Nani alinipa nafasi ya kukulilia? Nilisimama nikamtazama mwanamke wa nchi nyingine akikulilia vizuri kuliko mimi, nikamwonea wivu mpaka nikaona aibu.

Nilipotulia nikaomba pikipiki inirudishe, basi lisiniache. Kulikuwa na mzee mmoja mwembamba, Ocen, anayetengeneza redio pembeni ya hoteli. Alikuwa ameshakwenda kuleta kuni. Aliniambia kwao mwanaume analiliwa siku tatu, na lazima mtu wa damu yake awepo. Nikamwambia matanga tulishamaliza Bunia, kila kitu kimekwisha, hata nguo za kilio tumezivua.

Akaweka kuni chini. "Kwenu alikufa zamani. Huku alikufa leo."

Nikafikiri zipu. Nikafikiri mafundi, na jirani anayewangoja kwa meno nje. Siku tatu hapa maana yake ni kufika Bunia shule zimeshafunguliwa. Usidhani nilibaki kwa huruma, Baba. Nilibaki kwa wivu. Nilitaka kujua walikuwa na nini ambacho mimi sina. Basi likaondoka, nikasikia honi yake toka mbali.

Wakaanza kuja. Mama wa samaki, mwalimu aliyestaafu, mkulima wa kahawa aliyeshuka toka juu mlimani kwa miguu yake. Kwao, Filomena alinieleza, kila anayekuja kulia huketi karibu na moto na kutoa kisa kimoja cha marehemu, kisha anaongeza ukuni. Kwa hiyo jioni ile na asubuhi yote iliyofuata nilikuwa nasikiliza habari za mtu nisiyemjua.

Nilisikia kwamba unazungumza Kialur. Wewe! Mtu wa Butembo, uliyehamia Bunia ukiwa kijana, nyumbani ukitumia maneno kumi kwa siku! Walisema ulikuwa unatania kwa Kialur mpaka wanawake wanaacha kumenya mihogo. Nilisikia kwamba uliketi wiki nzima na mkulima wa kahawa mkewe alipougua, mnapukuchua mahindi, hamsemi kitu. Nilisikia kwamba kila ukishuka kwenye basi ulikuwa unavua saa yako ya mkononi na kumpa Filomena aiweke ndani ya kopo la chumvi, na kwamba ulikuwa unaichukua tena siku ya kuondoka. Nilisikia kwamba unacheka kwa sauti. Mwalimu aliigiza kicheko chako, wote wakasema ndiyo, ni hicho hasa. Sikukijua.

Ulicheka wapi nyumbani, Baba? Nionyeshe chumba.

Nilikwenda kuketi ndani peke yangu. Ocen akanifuata akanionyesha kiti chako, cha miti, kamba zimelegea kwa uzito wako. Nikakitazama nikaona kitu kisicho cha kawaida. Kilikuwa kimeugeukia ukuta wa jiko, kinaupa mlango mgongo. Nikamuuliza nani alikigeuza. Akasema wewe mwenyewe ulikiweka hivyo siku ya kwanza, miaka mingi iliyopita, na ulikataa kigeuzwe, ingawa hapo moshi unaingia machoni.

Nikaketi. Maana nyumbani, katika miaka yangu thelathini na minne, sijawahi kukuona ukiupa mlango mgongo. Kanisani uliketi benchi la mwisho. Dukani ulisimama upande. Hata kwenye harusi ya Paluku, kwenye picha zote, wewe unatazama mlangoni. Unakumbuka miaka ile ya vita tulipokuwa tunalala na nguo za kutwa, mabunda yamefungwa? Sisi tulikua tukaisahau nusu. Wewe uliendelea kuulinda mlango hata usiku ulipotulia. Pale Paidha ndipo nilipoelewa mizigo iliyokuwa inakwama: ulikuwa unapumzika kuulinda mlango.

Usidhani kuelewa kulinitoa wivu. Kuelewa na wivu vinakaa nyumba moja bila kusalimiana.

Siku ya pili alasiri ikafika zamu yangu. Mwalimu akasema sasa tumsikie mwanawe, atupe kisa cha nyumbani. Watu kama ishirini wakanigeukia. Nikatafuta, Baba. Nikapekua kichwa changu kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba. Nikaona mgongo wako dukani. Nikaona unakata uzi kwa meno kupima kama ni imara. Nikaona unanifundisha kuifunga na kuifungua zipu karibu na sikio, nisikilize kama ina jino bovu. Hayo ni ya kazi, nikasema moyoni, hayo watacheka nayo nini? Nao walikuwa wamesimulia vicheko vyako siku nzima.

Nikadanganya.

Nikawaambia siku ya komunyo yangu ya kwanza mvua ilinyesha, mtaa wetu ukawa tope tupu, na mimi nilikuwa na viatu vyeupe. Nikasema ulinibeba mgongoni toka nyumbani mpaka kanisani, na njia nzima ulikuwa unanguruma kama pikipiki, ukifika kwenye kona unabadilisha gia, ukikuta watu unapiga honi kwa mdomo, na Mama nyuma anajifunika uso kwa kitenge kwa aibu. Walicheka mpaka mama wa samaki akajifuta machozi. Wewe unajua ukweli. Siku ile ulikwenda dukani alfajiri, nami nilipelekwa kanisani na jirani, viatu mkononi.

Kicheko kilipopungua, Filomena akaitikia kwa kichwa taratibu, macho kwenye moto. "Hiyo alituambiaka."

Nikahisi uso unawaka. Ocen naye akasema ndiyo, hata ile honi aliwapigia, akaipiga yeye mwenyewe, peee, watu wakacheka upya. Nilibaki nimekodoa macho. Hata uongo wangu walikuwa wameupata kabla yangu!

Asubuhi ya siku ya tatu nilimkuta Filomena anachambua mbaazi. Nikachukua ungo nikamsaidia. Tulichambua muda mrefu. Mimi nilikuwa nachambua haraka haraka, naye akaweka mkono wake juu ya wangu, akauacha hapo mpaka vidole vyangu vikapunguza mwendo. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba mtu aliyekula kwake miaka ishirini anamjua hadithi zake zote, na ya pikipiki haimo. Lakini mtoto haachwi mikono mitupu mbele ya watu. Akasema sasa nimpe yeye ya kweli, hata kama ni ndogo.

Nikamwambia ile ya kuhesabu. Kwamba kila jioni, kabla ya kuvua viatu, ulikuwa unasimama mlangoni unatuhesabu vichwa. Hukutumia kidole, ulitumia macho tu, na midomo ikitikisika kidogo. Mama, mimi, Paluku, na wale wadogo watatu. Sita. Kama mmoja yuko chooni ulingoja arudi. Ukimaliza unafunga komeo, unaketi ukitazama mlango, na hapo ndipo Mama anapakua bugali. Nikamwambia ukitoka safari ulihesabu mara mbili. Nikamwambia sisi watoto tuliona ni ukali, Paluku alikuwa akikuigiza nyuma yako. Nilikuwa nayasema haya na sikujua kama nalia mpaka mbaazi zilipolowa.

Filomena aliacha kuchambua.

"Siye hakutuhesabuka," akasema. "Hata siku moja."

Akainuka akaenda jikoni, akakaa huko kitambo kirefu. Na mimi, Baba, kwa nini nikufiche, nilifurahi. Ni vibaya kufurahi juu ya maumivu ya mtu aliyekulisha, lakini nilifurahi kwa roho yangu yote. Kulikuwa na kitu chako ambacho Paidha nzima haina.

Jioni moto ukazimwa, picha ikabanduliwa ukutani, wakanipa niibebe. Jogoo tulimla. Nikaenda Kampala nikanunua nilichonunua, na nikafika Bunia wiki ya pili ya masomo. Mafundi wengi walishakwenda kwa jirani. Wawili wamerudi, mmoja kwa sababu tu amegombana nao huko juu ya uzi. Mama alinipokea mlangoni kama alivyokupokea wewe, akauliza kama na mizigo yangu ilikwama Goli. Nikamketisha nikamweleza yote, kiti, saa ndani ya kopo, kicheko. Kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nafunga kula!" Akacheka, akalia, akachukua kitenge akajifunika kichwa, akalala mchana mzima. Tangu siku hiyo naona hasemi sana asubuhi.

Nina habari nyingine ndogo. Nimeweka benchi dukani, upande wa wateja. Fundi akija simwulizi tena "unataka nini" kabla hajapumua. Paluku anasema biashara inageuka baraza. Sijui. Bado mwendo wangu ni wa haraka, nakiri, mkono unatangulia kuchukua ufunguo. Lakini juzi fundi mmoja mama aliketi akanisimulia habari za mguu wake toka saa nne mpaka saa sita, na sikuitazama saa. Nadhani ungepita ungecheka. Nasema nadhani, kwa kuwa mimi kicheko chako nakijua kwa kuigiziwa.

Krismasi nampeleka Mama Paidha. Naahidi hapa, kwa mkono wangu. Tutakaa siku kumi, bila gunia wala orodha ya bidhaa. Filomena ameshatuma salamu kupitia kwa mwenye pikipiki kwamba anachagua jogoo mwingine. Atanisimulia hadithi alizobakiza, na mimi nitamsimulia za komeo na mlango, moja moja, kwa ubakhili, maana ni chache na ni zangu. Sijawasamehe wale watu. Wana siku zako nyingi mno. Lakini naenda nikaketi nao, kwa kuwa siku zako zilizobaki ziko kwao.

Lala, Baba. Pumzika upendavyo, geukia upande unaotaka. Na kama huko ulipo kuna barabara, na kuna watu wema kando yake wanaokukaribisha chai, nakuomba kitu kimoja tu: usiwazoee sana kabla sijafika.

Mwanao,
Masika